Jina la Mvuvi

Katika nyumba ya mama Berthe, mtu akiwa juu ya maji haitwi kwa jina. Anapigiwa mluzi. Kila mmoja ana mluzi wake, mfupi au mrefu, na mtoto wa nyumba ile anaujua mluzi wake kabla hajajua kuhesabu vidole. Ukisimama kwenye mawe ya maporomoko pale Kisangani, mto unapojirusha kati ya nguzo za miti ambazo wavuvi huzipanda kutegea samaki, ukamwita mtu kwa jina lake, maji nayo yanasikia. Yakishasikia, yanaanza kuita yenyewe. Ndivyo mama Berthe alivyoambiwa na mama yake, na hakuwahi kuomba ushahidi.

Ushahidi ulikuja bila kuombwa. Mumewe, papa Octave, alikuwa juu ya nguzo akivuta dema, lile kapu refu lenye mdomo mpana ambalo samaki anaingia na hatoki, pale mnunuzi mmoja mgeni aliposimama ukingoni akapaza sauti: Octave! Octave, samaki wapo leo? Papa Octave akageuka ili ajibu, maana alikuwa mtu wa adabu. Adabu hiyo ikamponza. Mguu uliteleza, na mwili wake walikuja kuupata mbali, kule mto unakoshukia, watu walipokuwa wamekwisha kukata tamaa ya kumpata.

Tangu hapo mama Berthe aliwafundisha watoto wake wawili, Héritier na mdogo wake Daniella, somo moja kuliko masomo yote. Aliwapeleka penye maji ya magotini, yasiyoweza kumchukua mtu, akasimama nyuma yao, akawaita kwa majina. Aliwaita kwa sauti tamu, kama mtu mwenye zawadi. Aliwaita kwa kilio, kama mtu aliyeungua. Anayegeuka analala bila kula. Daniella aligeuka mara nyingi na kulala na njaa mara nyingi, ila kaka yake alikuwa akimmegea kwanga, ule mkate wa muhogo, kwa siri. Héritier yeye alikuja kuwa jiwe. Akiwa juu ya maji ungemwita kwa jina mpaka koo likukauke, hata shingo isingetikisika. Shikeni hilo, tutalirudia.

Daniella alipokua alihamia Mangobo, mtaa wa mji ulio mbali na maporomoko, kwa sababu nguzo si kazi ya wanawake na kuchoma samaki kulimchosha macho. Alipata kazi kwa tonton Zakaria, mjomba wa heshima tu, mzee wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji, wale ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara na hawakuona sababu ya kuondoka. Zakaria aliuza vitenge na redio. Katika chumba cha mbele aliweka kompyuta mbili zilizochoka, akapanga sahani za umeme wa jua juu ya mabati, akasema hayo ndiyo maendeleo, kisha akamwachia Daniella maendeleo hayo ayaendeshe. Asubuhi walikuja wanafunzi na watu wenye makaratasi ya kuchapisha. Mchana, joto linapoweka kila mtu chini na Zakaria anapokwenda msikitini, chumba kilikuwa cha Daniella peke yake.

Hapo ndipo alipojifunza kucheza. Alianza na michezo ya zamani, ile ya mashine za kutumbukiza sarafu ambazo Kisangani haikupata kuziona, lakini sasa watu wameipakia yote mtandaoni: vyombo vya angani vinavyopiga mawe, nyoka anayejila mkia, magari yanayokimbia kwenye barabara isiyo na mwisho. Akawa bingwa. Halafu siku moja akaangukia mahali ambapo watu wa kila nchi wanaweka michezo waliyoitengeneza wenyewe, mmoja mmoja, bila kampuni wala tajiri. Kulikuwa na mchezo wa sisimizi anayevusha punje ya sukari juu ya kitanda cha mgonjwa. Kulikuwa na mchezo wa mjane anayekunja mashati ya marehemu, na huwezi kushinda, unakunja tu. Mingine ilikuwa mibovu kabisa. Daniella aliichambua kama watu wanavyochambua mitumba, akigeuza matambara mengi ili apate blauzi moja, na raha yake ilikuwa pale pale katika kugeuza.

Ndipo akaukuta ule wa mvuvi.

Ulianza kwa sauti kabla ya picha. Daniella alikuwa amevaa visikizio masikioni, kikombe cha chai mkononi, na chai hiyo hakuinywa tena. Kila maji yana mngurumo wake, na mtoto aliyelelewa kando ya maji fulani hawezi kuyachanganya na mengine, vile vile asivyoweza kuchanganya kikohozi cha baba yake na cha jirani. Yale yalikuwa maji ya kwao. Kisha picha ikatokea, picha ya vimraba vimraba kwa mtindo wa zamani, na katika ubuluu wake zilisimama nguzo: ile iliyoinama upande wa kisiwa, ile iliyofungwa kamba za msituni mara mbili, na ile ya mwisho iliyojitenga juu ya maji meusi. Zilikuwa nguzo za papa Octave, ambazo sasa zinapandwa na Héritier.

Hakukuwa na uchawi katika hilo, na Daniella alijiambia hivyo upesi. Mwaka uliopita, maji yalipopungua, kijana mmoja msafiri alifika maporomokoni na chombo cha kunasa sauti. Alikuwa mpole, alikula lituma, donge la ndizi za kupondwa, mpaka akaomba nyingine, na Héritier alimtembeza juu ya mawe akimweleza kila nguzo, maana Héritier alipenda sana kusikilizwa. Kijana akaenda zake. Kumbe alikwenda kutengeneza mchezo. Daniella alicheka peke yake chumbani, akasogeza kiti, akaanza.

Mvuvi mdogo anaruka kutoka nguzo hadi nguzo, anavuta dema, anamwaga samaki, na maji yanazidi kupanda. Hakuna anayemaliza. Kila mchezaji mwishowe anaanguka, na pointi zake ni samaki aliowapata kabla ya hapo. Lakini mvuvi ana jina, limeandikwa juu ya kichwa chake. Yule aliyepata samaki wengi kuliko wote duniani ndiye anayempa mvuvi jina, na kila anayecheza, awe wa nchi gani, anamchezesha mvuvi mwenye jina hilo mpaka atokee wa kumpita. Siku ile mvuvi aliitwa Lukas. Alipoanguka kioo kiligeuka cheusi, na juu ya mngurumo ikaja sauti ya mashine, baridi, isiyo na haraka, ikiita: Lukas. Ikanyamaza. Ikaita tena: Lukas.

Daniella alikasirika. Lukas ndiye nani? Lukas amewahi kukanyaga jiwe la pale? Nguzo za baba yake zinapandwa na watu wa dunia nzima, na jina lililo juu ya kichwa cha mvuvi ni la mtu asiyejua hata ladha ya samaki wa Kisangani! Alirudi kesho yake mchana, na mchana uliofuata. Mwili wake ulijua mambo ambayo wachezaji wengine hawangeweza kuyajua: kwamba maji yanavuta pumzi kabla hayajapiga nguzo ya kisiwa, kwamba ukivuta dema lazima utazame mguu na si samaki. Mtengenezaji alikuwa ameyanasa yote hayo, na ni mtu wa pale tu angeyatambua. Mchana wa tatu akampita Lukas, kwa mbali sana.

Mchezo ukauliza jina.

Kidole chake kilikwenda kwenye D, kikasimama. Baadaye alijieleza kwamba wanawake hawapandi nguzo, kwa hiyo jina lake lisingefaa. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mtoto wa mama Berthe alilinusuru jina lake bila kufikiri, na kwa kutofikiri huko huko akalitoa la mwingine. Aliandika HERITIER. Alitaka kumfurahisha kaka yake, alitaka dunia imjue mvuvi wa kweli wa nguzo zile. Alikuwa na furaha iliyojaa, na furaha iliyojaa haiulizi maswali.

Kwenye pembe ya kioo palionyeshwa idadi ya watu wanaocheza saa hiyo. Ilikuwa ikipanda.

Zakaria aliporudi kutoka msikitini alimkuta akicheka mbele ya kioo, akaomba aelezwe. Aliposikia yote hakucheka.

"Daniella, mutoto wangu," alisema, "kitu ile inauliza jina, miye siipende. Mutu akikuuliza jina, we muulize kwanza anataka kulifanya nini."

"Tonton, iko mchezo tu."

"Bon. Iko mchezo." Akachukua kitambaa akaanza kufuta redio zisizo na vumbi.

Mvua zikaanza, mto ukajaa. Jumapili moja Daniella alikwenda kwa mama yake baada ya misa, kama kawaida. Mama Berthe alikuwa amepika liboke, samaki wa kufungwa kwa majani, na wote watatu walikaa chini ya baraza mngurumo ukiwazunguka. Héritier alikonda kidogo usoni. Alikula, akafuta vidole, akasema kama mtu anayesimulia kichekesho:

"Mama, usikasirike. Mayi iko naniita."

Mama Berthe aliweka chini kipande alichokuwa nacho. "Tangu wakati gani?"

"Tangu mvua ilianza. Asubuhi, kama niko juu ya nguzo. Inaita, inanyamaza, inaita tena. Siku zingine mara mingi sana, sawa vile watu mingi wanapishana kuniita. Na inatamka mubaya!" Akacheka. "Haijue hata jina yangu. Inasema He-ri-ti-ya, na H ya nguvu, sawa mugeni. Alors mi najisemea, mayi ya kwetu imesoma wapi?"

Daniella aliacha kutafuna. Hakuna mtu wa Kisangani anayelitamka jina lile hivyo. Mashine ndiyo inayolitamka hivyo, kwa sababu mashine haijui kwamba Kifaransa huimeza H, na yeye alikuwa ameisikia kwa masikio yake mchana baada ya mchana na kuicheka.

"Na we unafanya nini ikikuita?" mama aliuliza.

"Nafanya ile ulinifundisha. Sigeuke." Akampigia mama yake jicho. "Mama, hata ukuye we mwenyewe kuniita na machozi, sigeuke. Si njo vile?"

"Njo vile," alisema mama Berthe, lakini mikono yake ilibaki mapajani. "Pumuzika kwanza wiki moja."

"Samaki haingoje mutu, mama. Hii njo wakati yao."

Hapo ndipo Daniella angesema. Mahali palikuwapo, saa ilikuwapo, na waliomsikiliza walikuwa watu wanaompenda. Alifungua mdomo. Akamtazama mama yake, yule mwanamke aliyemzika mume kwa sababu ya jina lililotamkwa ovyo, akaona uso ambao angekuwa nao akisikia kwamba bintiye ameliweka jina la mwanawe wa kiume wa pekee juu ya maji na kuwapa watu wa dunia nzima waliite. Aliona aibu. Akaomba apewe chumvi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na wahenga hao hawakuwa wakitania.

Jumatatu alifungua mchezo. HERITIER bado alikuwa juu ya kichwa cha mvuvi. Idadi kwenye pembe ilikuwa kubwa kuliko zamani. Mchezo ulikuwa umependwa. Alifikiri juu ya watu hao wote, watu wema labda, wanaorudi kazini na shuleni, wanaokaa na kinywaji chao, wanamrusha kaka yake kutoka nguzo hadi nguzo, wanamwangusha, wanasikia anaitwa, wanabonyeza kuanza upya. Hakuna aliyemtakia mabaya. Walikuwa wakimzamisha kwa kujifurahisha tu.

Alitafuta namna ya kulifuta jina, hakuiona. Alimwandikia mtengenezaji, hakujibiwa. Njia ilikuwa moja: mtu apite pointi za juu. Na hakuna mtu duniani aliyekaribia hata nusu yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyezaliwa pale. Ilimbidi ajipite mwenyewe.

Si jambo jepesi kujipita ukiwa na hofu. Siku ile ya kwanza alicheza akiwa na raha, mikono milaini. Sasa kila mvuvi alipoteleza Daniella alifumba macho, na kila alipofumba macho sauti ilimkuta gizani: He-ri-ti-ya. Alianza kuelewa kwamba yeye pia alikuwa akihesabiwa miongoni mwa wanaomwangusha. Kila jaribio lake lililoshindwa lilikuwa mwito mmoja zaidi kule mtoni. Aliondoa visikizio akacheza bila sauti, lakini kutosikia hakukunyamazisha kitu. Umeme wa jua ukaisha katikati, mtandao ukakatika, wateja wakalalamika kwamba kompyuta moja haipatikani. Alikonda naye.

Zakaria alivumilia, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake. Daniella akamweleza, akilia. Mzee hakumkemea wala hakumkumbusha kwamba alikuwa amemwonya.

"Kaka yako anajua ya kama ni we uliandika?"

"Hapana, tonton."

"Alors wende umuambie. Leo. Acha mashini. Mutu akijua nani anamuita, ile mwito inakuwa kitu kidogo."

"Nitoe kwanza jina, tonton. Nikitoa jina, nitamuambia yote, tutacheka."

"Kusema haingoje kutoa," alisema Zakaria. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na Daniella alikuwa amekwisha kugeukia kioo.

Alishinda Alhamisi, saa za adhuhuri, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba hangeweza kusikia kitu hata angetaka. Hakufikiri. Alimwacha mvuvi aende kama Héritier anavyokwenda, mabega yamelegea, mguu unaonja kabla ya kukanyaga. Samaki wakapita idadi ya zamani. Aliendelea kwa woga kidogo zaidi, kisha akamwacha aanguke kwa mara ya mwisho, akasema pole.

Mchezo ukauliza jina.

Aliwaza kuandika herufi zisizo na maana. Lakini yeye ni mtoto wa nyumba ile, na hofu ya nyumba ile ilikuwa imerudi yote mwilini mwake. Maji yaliyozoea kuita mtu, ukiyapa upuuzi, si yatalirudia lile jina yanalolijua? Aliwaza jina la baba yake, maana aliyekwisha kuchukuliwa hawezi kuchukuliwa tena. Machozi yakamjia; papa Octave aliitwa vya kutosha, aachwe alale. Halafu jibu likaja lenyewe, jepesi, hata akashangaa kwa nini hakuliona mapema. Yeye anaishi Mangobo. Hapandi nguzo, havui, havuki mto. Maji yakimwita yatamwita bure mpaka yachoke, na yeye atakuwa hapa, juu ya ardhi kavu, akiwapigia wanafunzi chapa karatasi zao. Hakuna wa kusikia.

Akaandika DANIELLA.

Alijisikia amepona. Aliagiza makemba, zile ndizi kubwa, ya kukaanga akala yote, akamwimbia Zakaria wimbo wa kwaya mpaka mzee akaziba masikio akicheka. "Sasa wende umuambie," alisema Zakaria. Mvua ilikuwa bado, na barabara ya mtoni ilikuwa tope tupu.

"Kesho asubuhi," alisema Daniella. "Nitamupelekea mikate."

Kesho yake anga lilikuwa limetakata. Alipanda pikipiki ya taksi, mfuko wa mikate mapajani, akipanga maneno. Angeanza na utani: yaya, kaka yangu, unajua ni nani aliyeyafundisha maji kutamka vibaya? Angemwonyesha mchezo kwenye simu. Héritier angejifanya amekasirika, kisha angetaka aoneshwe jinsi ya kucheza, na hakika angekuwa mbovu. Daniella alitabasamu mgongoni kwa dereva. Kabla ya kufika, mngurumo ukaanza kusikika, mzito kuliko Jumapili.

Mama Berthe alikuwa barazani akimenya makemba. Alipomwona binti yake akitembea kuja, kisu kilisimama katikati ya ndizi.

"Daniella? We iko hapa?"

"Niko hapa, mama. Kuna nini?"

"Kaka yako ameniuliza kama ulilala huku. Nikasema hapana, Daniella iko Mangobo. Akasema, sasa mbona mayi iko naita Daniella? Akasema haijawahi kuita mwingine, donc labda uko ku mayi, labda ulikuya asubuhi ukateleza. Nikasema ni uongo ya mayi. Akakimbia."

Mikate ilianguka pale pale. Daniella alikimbia, na alipokuwa akikimbia alielewa kila kitu kwa pamoja, kwa ukamilifu ambao haukuwa na faida tena. Maji yalimwita Héritier majuma na majuma, na Héritier alikuwa salama, kwa sababu alifundishwa asiitikie jina lake. Hakuna aliyemfundisha la kufanya maji yakiita jina la mtu anayempenda. Katika nyumba yote ile hakuna aliyefikiria hilo, hata mama Berthe.

Alimwona kutoka kwenye jiwe la kwanza. Héritier alikuwa kwenye nguzo ya mwisho, ile iliyojitenga, mkono mmoja kwenye kamba, mwili wote umening'inia mbele, akitafuta kwa macho chini ya maporomoko. Maji yalikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa, yanachukua magogo mazima. Alikuwa akipiga kelele. Upepo ulileta vipande: Daniella! Da-ni-e-lla! Yeye, ambaye hakuwahi kutamka jina la mtu pale tangu azaliwe.

Daniella aliweka vidole mdomoni apige mluzi wake, ule mrefu unaoshuka mwishoni. Mluzi unataka pumzi, naye alikuwa amezimaliza zote njiani. Hewa tupu ikatoka. Akajaribu tena, hewa tupu. Wavuvi wawili kwenye mtumbwi uliofungwa ukingoni walimtazama bila kuelewa. Wakati huo, katikati ya povu, kitu cheupe kilizunguka, labda gunia, labda tawi lililochubuka, na Héritier akakiona.

Daniella akavunja sheria. Aliita kwa jina, kwa nguvu zote alizobaki nazo, mara ya kwanza maishani mwake juu ya maji yale. "Héritier! Héritier, niko hapa! Nyuma yako! Héritier!"

Alimsikia. Daniella ana hakika kwamba alimsikia, kwa sababu aliona mabega yakikaza kidogo, kama yalivyokuwa yakikaza utotoni mama yao alipowaita kwa kilio. Lakini shingo haikutikisika. Alilizoea lile jina. Lilimwita kila asubuhi, na sasa lilikuwa linamwita kwa sauti ya dada yake, hila mpya. Aliendelea kutazama kile kitu cheupe.

"Daniella, nakuya!" alisema, na akaachia kamba.

Wavuvi waliteremsha mitumbwi, wale wa ukingo huu na wale wa ng'ambo, wakatafuta mpaka jua likawa juu. Walirudi na gunia. Waliliweka kwenye mawe mbele ya Daniella, gunia tupu jeupe la unga, linachuruzika maji. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa sketi, na hakuigusa. Huko ndani yake watu wa nchi mbalimbali walikuwa wanaendelea kucheza.

Alirudi barazani akitembea. Mama Berthe alikuwa bado amekaa pale pale; habari zilikuwa zimemtangulia, wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha kuanza kulia nyuma ya nyumba. Yeye hakuwa akilia. Alimtazama binti yake.

"Ulimuita?"

"Nilimuita, mama."

"Na muluzi?"

"Muluzi ilikataa. Nilimuita na jina."

Mama Berthe alitikisa kichwa polepole. "Hakugeuka."

"Hakugeuka, mama."

"Nilimufundisha muzuri," alisema mama Berthe. Kisha akashika tena kisu na ile ndizi iliyokuwa imemenywa nusu, akaendelea kuimenya.